Sponji Niliyoiosha

Ni mimi niliyeosha ile sponji.

Sentensi hiyo ni fupi, lakini kuiandika kumenichukua zaidi ya miaka ishirini na mitano. Nilikana mbele ya Sista Perpetua, nikakana mbele ya mafundi wa mtaa wa Jericho, Nairobi, nikakana hata kwa marehemu mume wangu, ambaye hakuwa ameniuliza. Petro alikana mara tatu, jogoo akawika, akalia, yakaisha. Mimi jogoo waliwika mpaka wakachinjwa, na bado nikaendelea kukana.

Nyinyi vijana mnaoanza kazi hii ya matangi ya samaki mmeniomba niwaandikie siri zake, sasa kwa kuwa nimestaafu na mgongo umekataa kuinama. Siri ninazo mbili tu. Ya kwanza ni jinsi ya kuivisha maji kabla ya kuingiza samaki, na hiyo nitawapa yote. Ya pili ndiyo hiyo sponji. Kwa bahati mbaya zimeshikana kama chapati zilizopangwa zikiwa moto. Ukivuta moja, nyingine inachanika.

Kwanza elewa hivi: tangi jipya ni kaburi lililopanguswa vizuri. Kioo kinang'aa, changarawe imeoshwa, maji hayana hata chembe, na samaki ukimtia humo atakufa. Atakufa kwa sababu ya mkojo wake mwenyewe. Samaki hukojoa mle mle anamolia chakula, na uchafu wake hugeuka amonia, nayo amonia humchoma matamvua kama moshi wa makaa ndani ya nyumba isiyo na dirisha. Mtoni mna bakteria wa kuila. Kwenye tangi lako jipya hamna kitu. Kuna aina moja ya bakteria wanaoigeuza amonia kuwa nitriti, ambayo nayo ni sumu, halafu aina nyingine wanaoigeuza nitriti kuwa nitrati, ambayo samaki anaivumilia. Hao wote wanaishi kwenye changarawe, kwenye vioo, na zaidi ya kote kwenye sponji ya chujio. Hawaonekani. Kinachoonekana ni utelezi wa kahawia ambao mtu yeyote aliyelelewa vizuri angetaka kuuosha.

Hayo yote nilijifunza chuo kikuu. Niliyaandika kwenye mtihani na nikapita. Kumbukeni hilo tutakapofika mtaa wa Fedha.

Aliyenifundisha kuyafanya ni Mzee Mutisya. Alikuwa mchongaji kutoka Ukambani. Miaka mingi alichonga twiga na faru wa kuuziwa watalii, mpaka macho yake yakaanza kuingia ukungu. "Twiga wangu wa mwisho," aliniambia, "alikuwa na miguu mitatu ya twiga na mmoja wa ng'ombe. Nikajua basi." Akahamia kutengeneza meza za kubebea matangi ya samaki, halafu matangi yenyewe, halafu akagundua kwamba watu wengi wanajua kuunganisha vioo lakini hakuna anayejua kuandaa maji. Karakana yake ilikuwa nyuma ya soko la Jericho, kati ya fundi wa rejeta za magari aliyeitwa Oti na ukuta uliokuwa ukidondoka.

Nilimwendea miaka ya tisini, digrii ya zoolojia ikiwa ndani ya bahasha ya plastiki ili isilowe. Serikali ilikuwa imeacha kuajiri watu wa aina yangu. Mutisya aliishika ile karatasi karibu sana na pua, nikafikiri anaisoma. Alikuwa anainusa.

"Inasema nini?" akauliza.

"Inasema najua wanyama, Mzee."

"Samaki pia?"

"Pia."

"Haya, Msomi. Chukua hicho kikombe."

Siku ile umeme ulikuwa umekatika, na pampu ya hewa imesimama. Bakteria wa sponji hupumua kama wewe. Maji yakisimama saa chache wanakosa hewa na kufa. Kwa hiyo tulikaa kwenye mitungi iliyogeuzwa, mimi na mzee, tukichota maji kwa kikombe na kuyamwaga kutoka juu ili yaingie hewa. Zamu yake, zamu yangu, mchana kutwa. Oti akachungulia juu ya uzio wa mabati.

"Niaje, Msomi? Chuo walikufunza hiyo?"

"Poa. Hii ni ya digrii ya mastazi, Oti."

"Mzee, hata hakuna samaki hapo ndani! Kanjo wa jiji wanatuuzia mifereji haina maji, na nyinyi mnauza maji haina samaki. Hii Nairobi kila mtu ni mwizi!"

Mutisya alicheka mpaka kikombe kikamtoka mkononi.

Tangi tulilokuwa tunaliokoa aliliita Mama. Lilikaa pembeni mwa karakana, kubwa, chafu, lenye sponji sita zilizokaa humo miaka. Kila tangi jipya lilizaliwa kutoka kwake: unatoa sponji moja ya Mama, unaikamua ndani ya maji mapya mpaka yageuke kahawia kama chai ya mkandaa, halafu unaiweka hapo hapo kwenye chujio la tangi jipya. Baadaye Mama anawekewa sponji mpya naye anaivika utelezi wake. Mutisya hakuwahi kusikia neno bakteria likitamkwa na mtu wa maabara mpaka nilipofika. Yeye alisema "maji yameiva" au "maji ni mabichi", na hakukosea.

Haya, andikeni. Maji ya mfereji yakae siku mbili ndani ya pipa lililo wazi kabla hayajaingia kwenye tangi, kwa sababu klorini inayotuokoa sisi na kipindupindu ndiyo hiyo hiyo inayoua bakteria wetu. Ukisikia harufu yake puani, ongeza siku. Kisha chukua omena watatu, wale dagaa wakavu wa ziwani, uwafunge ndani ya soksi kuukuu ya nailoni, uwazamishe. Wakioza watatoa amonia ya kuwalisha bakteria, bila samaki yeyote kuteseka. Wiki ya pili maji yataingia ukungu mweupe na mwenye tangi atakupigia kelele. Muache apige. Usibadilishe kitu. Julai, Nairobi ikiwa baridi, kila kitu huchelewa; usijaribu kukimbiza. Na sponji ikijaa tope mpaka maji hayapiti, ikamue ndani ya ndoo ya maji ya tangi lenyewe. Maji ya tangi. Usiipeleke mferejini hata ukiamriwa na askofu.

Wiki ya nne ni mwongo. Hilo nililijifunza Kayole, kwenye bucha la bwana mmoja aliyetaka samaki dirishani ili wateja wajue nyama yake haina nzi. Nilikuwa na vichupa vya kupimia nilivyovitoa kwenye maabara ya chuo kwa njia ambayo sitaieleza. Nikapima amonia: hakuna. Nikamwambia mwenye bucha tuingize samaki. Sikupima nitriti kwa sababu kichupa kilikuwa kimeisha na nilikuwa najiamini. Maji yalikuwa safi kuliko kioo cha dirisha. Baada ya siku mbili samaki wote walikuwa juu ya maji, midomo wazi, matamvua ya rangi ya kahawa.

Mwenye bucha alikuja Jericho na kisu kikiwa bado kwenye mshipi. "Nani aliniambia niweke samaki?"

Nilikuwa nafungua mdomo, sijui ningesema nini. Mutisya akasimama mbele yangu.

"Ni mimi. Niliharakisha. Nitakutengenezea upya."

Alipoondoka nilimwambia mzee hakuwa na haja ya kufanya vile.

"Mtu akija kwenye karakana kuuliza ni nani," alisema, "anamuuliza mwenye karakana. Wewe bado ni maji mabichi, Msomi." Halafu akacheka, akanituma omena.

Naandika haya na mkono unataka kuacha. Lakini nimeshaanza.

Macho yake yalikuwa siri. Mafundi walijua kwamba aliacha kuchonga. Hawakujua kwa nini. Aliwaambia mgongo. Mimi nilijua kwa sababu tulibeba vioo pamoja. Kioo kirefu hubebwa na watu wawili, kimesimama wima, mmoja mbele na mmoja nyuma, na kati ya duka la vioo na karakana yetu kulikuwa na mtaro usiofunikwa. Mimi nilitangulia. Yeye nyuma, kila mara, kwa sauti ya chini ili Oti asisikie: "Tumefika mtaro?" Nami najibu, "Bado," au, "Sasa, Mzee, panua hatua." Aliniambia siku moja kwamba kazi ya maji ndiyo ya mwisho iliyombakia mjini. Haihitaji macho, inahitaji pua na subira. Ikimshinda hii, anarudi nyumbani kukaa kivulini kama gunia.

Ndipo ikaja kazi ya Fedha.

Sista Perpetua alikuwa muuguzi mstaafu aliyefungua nyumba ya uzazi mtaani Fedha. Kila kitu mle kilikuwa cheupe: kuta, mashuka, viatu vya wauguzi, hata paka, ingawa sidhani alimchagua kwa rangi. Alitaka tangi la samaki pale wanaposubiri akina mama, kwa sababu alikuwa amesoma mahali kwamba samaki hutuliza moyo. Likifanikiwa, aliahidi la pili kwenye wodi mpya, na kwamba kuyatunza itakuwa kazi ya Mutisya ya kudumu, kila wiki, mwaka hadi mwaka. Mzee alianza kunyoa ndevu kabla ya kwenda Fedha.

Tuliivisha maji yale wiki saba. Akina mama walikaa wakitazama tangi lisilo na samaki. Mmoja alimuuliza mwenzake kama ni maji ya baraka. Sista alivumilia, kwa sababu Mutisya alimweleza kwa lugha yake: "Sista, hata wewe mtoto humtoi mwezi wa tano."

Alhamisi ya wiki ya saba Mutisya alikuja asubuhi, akaingiza mkono, akasugua sponji kwa kidole gumba, akanusa. Harufu ya udongo uliopigwa na mvua. "Imeiva," akasema. "Jumamosi tunaleta samaki." Padre alikuwa anakuja siku hiyo kubariki wodi. Mzee akaondoka kwenda kutafuta samaki wa dhahabu. Mimi nikabaki kupangusa vioo.

Mchana Sista akaja na kusimama nyuma yangu. Aliongea nami Kiingereza. Mutisya alimwongelesha Kiswahili, mimi aliniongelesha Kiingereza, na wiki zote saba nililipenda jambo hilo kuliko ninavyotaka kukubali.

Akaonyesha chujio. Akaniambia kwamba yule mzee ni mtu mwema lakini hakusoma. Je, mimi niliyesoma naweza kweli kuacha tambara kama lile mahali ambapo wanawake wanakuja kujifungua?

Jibu lilikuwa jepesi. Nililijua. Ningeweza kumpa kwa Kiingereza, na michoro. Lakini kumjibu kungekuwa kusimama upande wa tambara. Nilitazama mikono yangu, kucha za kahawia, na nikaona haya, si kwa ajili ya sponji bali kwa ajili ya miaka yangu yote ya chuo iliyoishia kwenye soksi ya omena.

"Nitalishughulikia, Sista," nikasema.

Nyuma kulikuwa na chumba cha kuoshea vyombo vya wodi. Mifereji ya Fedha ilikuwa mikavu kwa siku kadhaa na maji yalikuwa yamerudi asubuhi ile. Kulikuwa na hofu ya kipindupindu mitaani, na baraza la jiji lilikuwa limetia dawa ya klorini bila kipimo. Maji yalitoka meupe, yakinuka mpaka macho yakawasha. Nikaishika sponji chini ya mfereji, nikaikamua. Tope likashuka. Nikakamua tena. Nilijiambia bakteria wa kwenye changarawe watatosha. Nilijua hawatatosha. Niliendelea mpaka ikawa ya manjano hafifu, karibu nyeupe, kama siku iliponunuliwa, nikairudisha mahali pake. Sista alipopita aliitikia kwa kichwa, ameridhika. Nami nilifurahi, wajukuu zangu. Hiyo ndiyo sehemu ambayo sijaweza kuisamehe: nilifurahi.

Jumamosi samaki kumi na wawili waliingia. Mimi ningesema watatu kwanza, Mutisya pia alisema watatu, lakini Sista alitaka kumi na wawili kama mitume. Padre alinyunyiza maji yake juu ya yetu. Watu walipiga makofi.

Jumatatu walikuwa juu wakitweta. Jumanne asubuhi tisa walikuwa wanaelea ubavu, na mama mmoja aliyekuwa ameanza uchungu, ameletwa na mumewe, akaketi mbele yao. Akatazama. Akashika ukingo wa kiti, akasimama.

"Baba Kevo, twende."

"Twende wapi na mtoto yuko njiani?"

"Popote. Mahali hata samaki hawaishi, mimi nizae?"

Wakatoka. Wengine wawili wakawafuata. Sista aliyaona yote akiwa mlangoni pa wodi yake mpya.

Mutisya alipofika alitoa maiti mmoja mmoja kwa kijiko cha waya, kwa heshima, akawaweka kwenye gazeti. Kisha akaingiza mkono kwenye chujio. Alisimama vile muda mrefu, kidole gumba kikitafuta utelezi. Akaitoa, akaileta puani.

"Inanuka hospitali," akasema. "Hii imeoshwa."

Nikainama kukunja gazeti la samaki.

"Msomi. Uliigusa wewe?"

"Hapana, Mzee. Mimi nilipangusa vioo tu."

Aligeuza uso kunielekea. Sijui aliona nini. Kwa macho yale, pengine umbo tu.

"Sawa," akasema.

Yaliyofuata nitayasema haraka. Mwisho wa mwezi ule Mutisya alifunga karakana na kurudi kwao. Jericho nzima ilishajua kwamba haoni, na fundi asiyeona hapewi kioo. Aliniachia Mama pamoja na sponji zake zote, kwa sababu, alisema, hakuna njia ya kumsafirisha akiwa hai. Kila tangi nililowahi kuivisha tangu siku hiyo, Fedha, Donholm, Buruburu, kote mlikowahi kusikia jina langu likisifiwa, lilitoka kwenye uchafu wa mzee huyo. Siku hizi mnanunua bakteria wakiwa kwenye chupa na simu inawasomea rangi ya vipimo. Ni vizuri. Chupa haina mtu nyuma yake. Sikumwandikia barua. Nilikuwa nasubiri maneno yaive, na miaka ikapita, mpaka nikasikia kwa Oti kwamba amezikwa.

Lakini jambo lenyewe liliamuliwa kabla ya hapo, Jumatano, siku moja tu baada ya samaki kufa. Tulikuwa kwenye duka la vioo, tumekuja kuchukua kioo cha tangi la pili la Sista, ambalo mzee aliamini bado lipo. Namba ya simu yao ndiyo tuliyowapa wateja. Mwenye duka alikuwa ameifunga kufuli, isipige, ipokee tu. Ikalia. Akasikiliza, akamnyooshea Mutisya.

Sauti ya Sista ilikuwa ya mtu aliyezoea kuita wauguzi kutoka mwisho wa ukumbi. Niliisikia yote. Alisema alipoliona lile tambara jeupe alidhani tumeleta jipya, kumbe wamekuta tope la kahawia kwenye sinki lake, limekauka kando ya tundu. Alisema wafanyakazi wake hawagusi tangi. Kwa hiyo ni mmoja wetu, na anataka kujua ni nani, kwa sababu huyo hatakanyaga tena kwake.

"Si mimi, Sista," Mutisya akasema.

Neno lililobaki lilikuwa moja tu, na lilikuwa mdomoni mwake. Kwamba ikiwa si yeye, basi ni nani? Hakulisema. Alinyoosha mkono na simu, akaupeleka kidogo kushoto kwangu, mahali alipodhani nipo.

"Ngoja uongee na Msomi," alikuwa amemwambia Sista kabla ya kuiondoa mdomoni. "Huyu atakwambia ukweli."

Nikaipokea. Ilikuwa na joto la sikio lake.

"Binti," Sista akasema, kwa Kiingereza, "ni nani aliyeosha kile kitu?"

Nikamjibu kwa Kiswahili. Mpaka leo sijui kwa nini nilichagua lugha ambayo mzee angeielewa.

"Ni Mzee, Sista. Macho yake siku hizi hayaoni. Nadhani alidhani ni tambara la kupangusia."

Mwenye duka aliacha kukata kioo.

"Hayaoni?" Sista akasema. "Maskini. Basi kuanzia sasa uje wewe, peke yako."

"Ndiyo, Sista. Asante."

Nikairudisha simu mahali pake. Mutisya akamshukuru mwenye duka kwa simu yake, kama kawaida. Kisha akapapasa ukingo wa kioo, akashika upande wa nyuma, akangoja mpaka niliposhika upande wa mbele. Tukatoka nacho juani.

"Tumefika mtaro?" akauliza, na safari hii hakupunguza sauti.

"Bado, Mzee," nikasema.